Marseli na Nyota Ziendazo Mbili Mbili

Kwenu nyote mnaofanya kazi na mwanangu katika kituo cha utafiti wa anga, Dar es Salaam. Habari za huko, habari za joto, habari za watoto. Sisi hapa Nakwa, Babati, hatujambo. Mimi mwenyewe, Mama Marseli, sijambo isipokuwa magoti. Mzee Yohanes, mdogo wa marehemu mume wangu, anawasalimu. Silas, anayemfuata Marseli kuzaliwa, anawasalimu, yuko shambani na maharage. Mkewe Rose anawasalimu, amenipisha meza niandike. Anjela, binti yangu aliyeolewa Mutuka, alipita hapa juzi na mtoto mgongoni, naye anawasalimu. Josephina, mke wa Marseli, yuko huko huko kwenu, mwambieni mama mkwe anamsalimu. Na wewe Abdulsalam, mtoto wa Kondoa, jirani yetu kabisa, uliyenipigia simu ukanipa kazi hii, nakusalimu mara mbili. Ya pili ni ya kukulaumu kwa mshtuko ulionipa.

Ndugu Marseli Leonsi Gidamis anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika kituo chenu.

Nimeambiwa kwamba maneno kama haya kwenye jarida lenu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Lakini Marseli aliiambia kamati iandike jina lake na tarehe, basi, iishie hapo. Abdulsalam akaona haifai mtu aondoke kama aliyeshuka kituoni. Akatafuta namba yangu. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, ninaandika kama ninavyosema. Palipokosewa rekebisheni, ila msinipunguzie maneno.

Mshtuko wa kwanza ni huo wa kustaafu. Simu ilipoita nilikuwa napepeta mahindi. Abdulsalam akasema, Mama, tunamuaga Marseli, anastaafu. Nikamwambia, mwanangu, umekosea namba, wa kwangu hajafika huko. Akacheka. "Mama, ana miaka sitini." Nikarudi nyuma kichwani, mwaka niliomzaa, mvua za mwaka ule, nikaona ni kweli. Nikakaa juu ya gunia. Mtu unajua mwanao anazeeka, lakini hujui kwamba serikali nayo imejua.

Marseli alizaliwa hapa Nakwa, mzaliwa wa kwanza wa marehemu Leonsi Gidamis. Shule ya msingi alisoma hapa hapa, sekondari alisomeshwa na parokia, chuo kikuu Dar es Salaam akachukua fizikia. Alifundisha sekondari miaka mitatu, kisha akaajiriwa kituoni kwenu. Wakati ule, nasikia, kituo kilikuwa vyumba viwili na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya ukweni. Alipelekwa Afrika Kusini kujifunza kwenye lile dishi kubwa kama nyumba ya ghorofa linalosikiliza mbinguni. Akarudi. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa Dar na kufuatilia yale ambayo dishi limesikia.

Hayo ya dishi nimeyajua mwezi huu. Miaka yote mimi nilijua anafanya mambo ya anga, na kwa sisi huku mambo ya anga ni mvua. Nikawaambia watu yuko hali ya hewa. Kila Novemba majirani walikuwa wanakuja, Mama Marseli, tupande lini? Nampigia. Ananijibu, "Mama, sijui." Nawapelekea jibu hilo. Kuna waliosema yule kijana wa Gidamis ni mchoyo, amefika Dar anawanyima mvua watu wa kwao. Mama mmoja wa Nangara aliniambia kwa uchungu kabisa kwamba angalau angetudokeza mwezi.

Basi nikamuuliza Abdulsalam, kama si mvua, ni nini? Ndipo nikapata mshtuko wa pili, na huu mpaka leo sijatulia.

"Mama, nyota nayo hufa," akasema.

"Hufa vipi?"

"Kubwa sana ikiishiwa moto hulipuka. Kinachobaki katikati ni kitu kidogo, kizito kuliko jua. Ukianzia stendi ya Babati ukielekea Dareda, upana wake unaisha kabla hujafika. Na kinazunguka, Mama. Kinatoa mawimbi kama mtu anayezunguka na tochi. Kila tochi ikitupitia, dishi linasikia, tu, tu, tu. Tunaziita pulsa."

"Kinazunguka mara ngapi kwa siku?"

"Si kwa siku. Hizo za Marseli, kabla hujamaliza kusema shikamoo, zimeshazunguka mara mamia."

Nikamwambia asinifanyie mzaha, mimi ni mtu mzima. Akaapa. Akaniuliza kama nazikumbuka zile pia za mti wanazochezea watoto. Pia ikichoka huanza kuyumba, ukiichapa kwa kamba inapata nguvu upya. Nyota hii iliyokufa nayo huchoka, inazunguka polepole, inakaribia kunyamaza. Lakini kama ilizaliwa na mwenzake, nyota mbili zinazozungukana, yule mwenzake anaanza kuimwagia hewa yake ya moto. Kila inachopokea kinaichapa, inaongeza mwendo, mpaka ile iliyokuwa inaaga inazunguka kuliko ilivyozaliwa.

"Kwa hiyo mwenzake anailisha," nikasema.

"Anailisha, Mama. Na ikishapata nguvu, mionzi yake inaanza kumchoma yule yule aliyeilisha. Anapungua, anakuwa mvuke."

Niliishusha simu nikaiweka kwenye paja. Nilipoirudisha sikioni nilimuuliza, na anakwisha? Akasema inachukua mamilioni ya miaka. Nikamwambia hata hivyo, mpeni pole.

Wenzake Marseli mnajua mengine, mimi nayasema kwa ajili ya wasomaji wengine kama mimi. Nyota za namna hii ni ngumu kupatikana. Kompyuta inatafuta mdundo usioyumba. Sasa nyota yenye mwenzake inakwenda na kurudi. Ikija upande wetu midundo inawahi, ikienda upande wa pili inachelewa, na kompyuta inaona fujo, inaitupa kwenye rundo la waliokataliwa. Marseli kila Ijumaa alikuwa anakaa na rundo hilo. Vijana wanapitia yale mazuri, yeye anapitia yaliyotupwa, chai imepoa pembeni. Akiona la kutiliwa shaka hashangilii. Anasema, "Karibu mgeni, kaa kwanza tukuone." Anataka amwone tena mara ya pili, na ya tatu, ndipo awaite wenzake.

Hivyo ndivyo alivyopata ya kwanza. Alipiga hesabu akasema kinachoyumba si mdundo, ni nyota yenyewe inavutwa na mwenzake. Baada ya hiyo, kituo chenu kimepata nyingine tano za namna hiyo, na vijana aliowafundisha kusoma hilo rundo sasa wanafundisha wengine. Nimeambiwa midundo ile ni saa sahihi kuliko saa za ukutani, na kwa kuwahi na kuchelewa kwake wanapima uzito wa nyota bila kuigusa. Sisi tunapima mahindi kwenye mizani na bado tunabishana. Nikamuuliza Abdulsalam hiyo ya kwanza inaitwaje, nikidhani labda ni Leonsi, au hata Nakwa. Akanisomea namba, ndefu kama ya gari. Nikashangaa tena. Mtoto wa kwanza, apewe namba.

Basi niseme sasa jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Abdulsalam alinisimulia kwamba nyota ile ya kwanza karibu ifutwe. Ilionekana mara mbili, kisha ikapotea. Dishi lile lina zamu, watu wanalipanga foleni kama bomba la maji, na kila zamu yao ilipofika palikuwa kimya. Wenzao wa Afrika Kusini wakasema hiyo ilikuwa kelele tu, ikatwe, zamu wapewe wengine. Ilibaki zamu moja, ya usiku. Marseli hakuwepo, alikuwa nyumbani kwenye msiba wa baba yake. Wakamtumia ujumbe.

"Ilikuwa siku gani?" nikamuuliza.

Akanitajia.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Rudia siku."

Akarudia. Nami nikaijua, kwa sababu siku hiyo huku kwangu ilikuwa siku ya kuanua tanga.

Niwaeleze wasiojua. Katika ukoo wetu, baba akifa, siku ya kumaliza msiba watoto wananyolewa nywele. Mwenye wembe ni ndugu wa marehemu, naye anaanza na mzaliwa wa kwanza. Baada ya hapo nyumba inafagiwa, watu wanarudi mashambani. Mzaliwa wa kwanza asiponyolewa, msiba kwa upande wake haujafungwa. Anakuwa kama mtu aliyeacha mlango wazi.

Asubuhi ile Marseli alikuja kwangu amevaa viatu. Akaniambia, "Mama, naomba ruhusa. Kuna jambo likiharibika leo halitengenezeki tena." Nikamuuliza jambo gani. Akasema, "Nikikwambia utaona nakudanganya." Wakati ule simu huku zilishika ukipanda kwenye kichuguu, intaneti hatukuijua. Hesabu zake zilikuwa ofisini Dar. Akapanda basi la kwanza. Mzee Yohanes alitoka na beseni na wembe, akauliza mkubwa yuko wapi. Akaambiwa. Akasimama pale mbele ya ukoo mzima akasema, "Mwambieni, aliyekimbia wembe asirudi kwenye nyumba iliyonyolewa." Akaanza na Silas. Maneno yale watu waliyabeba mpaka yakamfikia Marseli. Maneno mabaya hayakosi nauli.

Nimekuja kujua sasa kwamba Marseli alifika Dar, akaketi na hesabu zake, akaona walikuwa na bahati mbaya tu. Kila zamu yao ilikuwa inaangukia wakati nyota imejificha nyuma ya ule mvuke wa mwenzake. Zamu ya mwisho ilipoanza palikuwa kimya vile vile. Nusu ya zamu ikapita. Wenzake kwenye simu wakasema tuzime. Akawaambia, "Subirini kidogo, yuko nyuma ya mwenzake, anatoka." Wakasubiri. Ikatoka.

Mimi miaka kumi na sita nilidhani alikimbia uchungu wa baba yake. Nilimwonea huruma kwa jambo ambalo halikuwepo.

Tangu siku ile Marseli hajakanyaga Nakwa. Ananipigia simu kila Jumapili. Nilipofanyiwa upasuaji wa macho Arusha alikuja akakaa na mimi wodini wiki nzima, akinilisha uji. Josephina anakuja na watoto kila Krismasi, na kila Krismasi anasema mwenzake ana zamu. Mimi nikaziamini zamu. Mzee Yohanes akaamini ni kiburi.

Halafu Abdulsalam akanipa la mwisho, na aliliongea kwa sauti ya chini. "Mama, tulimuuliza kwa nini asiende kupumzika kwao, akasema nyumbani hatakiwi. Anatafuta kiwanja huku huku Dar, Chanika. Mwisho wa mwezi anakwenda kulipia."

Nyota zote zile hazikunishtua kama hilo.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa mzee Yohanes, nikamkuta nje ya zizi anachonga mpini wa jembe.

"Shemeji, nimekuja na habari za kazi ya Marseli."

"Mvua imepatikana?"

"Si mvua. Ni nyota."

"Nyota zinaleta mvua?"

"Hazileti."

"Nilijua," akasema. "Miaka yote hiyo mtoto analipwa mshahara kwa kitu kisicholeta mvua."

Nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, ya pia, ya mwenzake, ya mvuke. Alikuwa anachonga tu, vipande vinaruka. Nilipofika kwenye zamu ya mwisho akaweka panga chini.

"Wenzake walitaka kuondoka?"

"Walitaka."

"Yeye akasema wasubiri."

"Ndiyo."

"Na ikatoka kweli?"

"Ikatoka."

"Angeniambia hivyo siku ile."

"Ungemsikiliza, shemeji?"

"Ningemzaba kofi. Lakini ningekuwa nimeambiwa."

Nikamwambia, wewe ulisema asirudi. Akanitazama kama mtu aliyesingiziwa. "Nilisema nikiwa na hasira, na wembe mkononi. Nani anashika maneno ya mtu mwenye wembe mkononi?" Nikamwambia, Marseli ameyashika, mpaka anatafuta kiwanja kwa watu. Akauliza, mbona haji kubisha hodi? Nikamwambia, aliyefukuzwa habishi hodi mpaka aitwe. Akasema, mkubwa hamwiti mdogo aliyeondoka, mdogo ndiye huja. Nikamwambia, sawa, shemeji, basi kaeni hivyo mpaka mmoja wenu azikwe, na atakayebaki aniambie nani alishinda.

Nilijua nimezidisha. Nikainuka niondoke. Akaniita, "Mama Marseli." Akanyoosha mikono yake mbele yangu. Sikuwahi kuitazama vile. Inatetemeka, wa kulia zaidi.

"Asubuhi bado inatulia," akasema. "Ikifika saa nne haishiki hata kikombe. Mwakani sijui. Na ndugu wa Leonsi nimebaki mimi. Silas ni mdogo wake, mdogo hamnyoi mkubwa, na hata angeruhusiwa, Silas hajui kunyoa kondoo."

"Basi mwite."

"Simwiti." Akaokota panga lake. "Wewe si umesema unaandika kwenye gazeti lao? Andika kwamba asubuhi nakuwepo."

Basi nimeandika.

Uongozi wa kituo, nawashukuru kwa kumtunza mtoto wa watu miaka thelathini na miwili, na kwa chai ambayo nimeambiwa mlikuwa mnampashia moto bila kulalamika. Vijana mliofundishwa naye, nawaomba msiliache lile rundo la Ijumaa. Kuna wageni wengine humo, na fundi wa kuwapokea anaondoka.

Marseli mwanangu, mimi bado nimeduwaa, na nadhani nitaduwaa mpaka mwisho wangu. Sikujua kwamba nimezaa mtu wa kazi hiyo. Mungu akupe ustaafu wenye afya, usingizi wa mchana, na watu wa kuzungumza nao. Hayo ndiyo tunayokutakia sisi wote niliowataja kule juu, kila mmoja kwa kinywa chake. Kiwanja cha Chanika ni kizuri, sikatai, wapo watakaokihitaji.

Abdulsalam, hili usiliache mpaka jarida lichapwe. Msomee leo, akiwa ameketi. Basi la Dar linafika Babati jioni. Alale kwangu, asubuhi mapema tuvuke kwa baba yake mdogo, kabla ya saa nne. Na mwambie asipitie kwa kinyozi huko, aje na nywele zake kama zilivyo. Nilimwambia mzee Yohanes kwamba umesema mwanangu siku hizi ana upara mbele. Akasema kilichobaki kinatosha.

Nijulishe siku. Upesi, baba.